Nilijifanya Dada wa Gauni la Kijani

Kosa ni langu na sina wa kumsingizia. Nianze na hilo kabisa, maana nikizungukazunguka nitaanza kujitetea, na kujitetea ndiko kulikonifikisha hapa.

Mwenzenu nilidanganya. Nilidanganya saluni, nikadanganya redioni, nikaenda kudanganya mpaka kwenye ukumbi uliojaa watu, na katika hayo yote nikakaribia kumpoteza wifi yangu. Huyu ni dada wa mume wangu, na kwangu mimi ni mama. Jina langu siandiki. Wa Mikumi mtanijua tu, na mkishanijua naomba mnyamaze.

Nina saluni ndogo karibu na barabara kuu, pale malori yanapopumzika. Nasuka, natia dawa, nabandika kope. Ukutani nimetundika televisheni, kwa sababu mteja wa rasta akikaa saa nzima bila cha kutazama anaanza kuikagua kazi yako kwenye kioo.

Mwaka huu ikaja ile tamthilia ya Behewa la Tatu. Kwa mliokuwa wadogo, Behewa la Tatu ni kundi la muziki la vijana wanne wa Kilosa. Walitoa wimbo mmoja ukavuma kila kona, halafu wakasambaratika kabla albamu ya pili haijatoka. Wimbo unaitwa "Gauni la Kijani". Mwimbaji wao, Seba Honi, anamsimulia msichana aliyempenda pale stesheni ya Kilosa, msichana mwenye gauni la kijani, na wimbo mzima unaisha hajamtaja jina.

Wimbo ule ulipovuma mimi nilikuwa Kidodi kwa wazazi wangu, darasa la tatu, naruka kamba na kufukuzia malori ya miwa ili nichomoe muwa mmoja. Shikeni hapo, darasa la tatu. Litakuja kunitia aibu.

Sehemu ya kwanza ilionyeshwa Jumamosi jioni. Saluni ilifurika, kesho yake ni Jumapili na kila mtu anataka kichwa cha kwenda nacho kanisani. Yule dada wa gauni la kijani akatokea kwenye kioo cha televisheni, kasimama stesheni, upepo unapepeta gauni lake, anacheka na meno yote. Wanawake saluni nzima wakaguna kwa pamoja.

Mwajuma alikuwepo. Mwajuma ni jirani yangu, anakaanga chipsi mlango wa pili, na mdomo wake hauna breki.

"We, hebu geuka," akaniambia. "Mbona huyu dada kakufanana hivi?"

Nikacheka. Nikasema, "Atafananaje na mimi wakati ni mimi?"

Jamani! Ulikuwa utani, naapa. Nilipaswa kumalizia "nawatania." Neno moja tu! Lakini mteja aliyekuwa chini ya drai akachomoa kichwa, akaniangalia kama ananiona kwa mara ya kwanza. "Kweli?" akauliza. Na mimi, mjinga mimi, nikatabasamu, nikaendelea kusuka. Sikusema ndiyo. Sikusema siyo. Nilitabasamu.

Asubuhi yake redio ya huku kwetu ilikuwa na kipindi cha maoni ya watazamaji. Mtangazaji akaanza kuyasoma. Mzee mmoja wa Kilosa kachukia sana, anasema stesheni iliyoonyeshwa ina minazi nyuma, nani amewahi kuona minazi stesheni ya Kilosa? Mfugaji wa Msowero kalalamika kwamba ng'ombe waliovuka reli ni wa kizungu, wa kulishwa zizini, hawawezi kutembea hata mpaka mtoni. Mtu wa Kidodi kasema lori la miwa limepakiwa kama kuni za msibani. Na wa Ulaya, kata yetu hii ya njia ya kwenda Kilosa, walicheka mpaka basi, maana vijana wale kwenye tamthilia wanaringa kwamba wamealikwa Ulaya, na kila mtu huku anajua walikwenda kupiga muziki siku ya gulio kwa baiskeli.

Halafu mtangazaji akasema, "Na hapa tuna ujumbe wa sauti kutoka Mikumi." Sauti ya Mwajuma ikajaa nyumba yangu: "Yule dada wa gauni la kijani yupo hai, ni jirani yangu, ana saluni, na bado ni mzuri!"

Mume wangu alikuwa anakunywa chai. Akaweka kikombe chini taratibu.

"Umesema nini saluni?" akaniuliza.

"Nilitania."

"Basi leo waambie ulitania."

"Nitawaambia."

Sikuwaambia. Nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo ninapojichukia. Nilifika saluni nikakuta wateja wamejipanga mpaka nje! Mmoja kaja kupiga picha na mimi. Dereva wa lori kanunua chipsi za Mwajuma akaja kuzilia mlangoni kwangu ili anitazame. Mimi mtoto wa mkulima wa miwa, ambaye hata kwenye kwaya nasimama mstari wa nyuma! Nilifurahi. Nilifurahi vibaya mno.

Mtangazaji akanipigia, tukaongea hewani. Akaniuliza habari za gauni. Na mimi, bila kuona haya, nikamjibu kwamba lilishonwa kwa kitambaa cha pazia, kwamba upindo wa chini ulikuwa na alama ya kutobolewa na kulabu za pazia, na kwamba siku ya kwanza nililivaa na kandambili kwa sababu viatu vilikuwa vimelowa.

Nilivitoa wapi vyote hivyo? Kwa wifi yangu.

Wifi yangu anakaa Kilosa, ni fundi cherehani, anashona sare za shule. Wazazi wao walitangulia mapema, kwa hiyo mume wangu kalelewa na huyu dada yake. Wao ni watu wa milimani. Siku mume wangu aliponipeleka kwao, binti wa bondeni nisiyejua hata kuwasalimia wazee wao kwa kilugha, wajomba walikunja nyuso. Wifi ndiye aliyenishika mkono akasema, "Huyu ni wangu." Cherehani yake ya pili aliiuza ili mimi nipate drai la kuanzia. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi namfuata Kilosa, namsuka, na anaposukwa ndipo anapofunguka. Siku moja alinisimulia habari za gauni lake la kijani la ujanani, lile la pazia, na vijana waliokuwa wakiimba stesheni.

Mtaniuliza, hukuunganisha? Sikuunganisha! Nilidhani wimbo ulipovuma kila msichana wa Kilosa alishona gauni la kijani. Nikaona ni simulizi nzuri imekaa bure, nikaichukua.

Mtangazaji akaniuliza swali jingine. "Lakini dada, sauti yako ni ya kijana. Wakati ule ulikuwa na umri gani?"

"Mimi na wifi yangu wa Kilosa, aliyemlea mume wangu, ni rika moja," nikasema. "Tumecheza rede pamoja tukiwa watoto."

Hapo nikawa nimejiongezea miaka kumi na zaidi kwa pumzi moja.

Ninyi mnajua mambo yetu. Huku umri si mchezo. Kesho yake Mwajuma, ambaye tumezaliwa mwaka mmoja, kapita mlangoni kwangu na ndoo ya viazi. "Shikamoo dada," akasema. Nilidhani ananitania, kumbe hatanii. Nikaitika marahaba huku ulimi mzito. Nikaenda kwa mama anayeuza mandazi, ambaye nimemwamkia miaka yote tangu nihamie Mikumi. Nikampa shikamoo yangu, akainua mkono kunizuia.

"Acha hayo," akasema. "Kumbe sisi wawili tuko sawa, ulikuwa unanizeesha bure!"

Mume wangu ndiye aliyeumia zaidi. Wenzake wa mpirani walianza kumuuliza kama mkewe anamtuma dukani. Mmoja alimwambia, "Msalimie bibi nyumbani." Mume wangu ni mtu wa maneno machache. Alirudi, akavua viatu, akaniambia, "Mke wangu, acha hii kitu. Hujui unachezea nini."

"Nachezea nini?"

Akanitazama sana. Akasema, "Si siri yangu mimi kuitoa." Akaenda kuoga.

Mtu mwenye akili angejiuliza hapo. Mimi nilidhani ana wivu na Seba Honi.

Basi Jumamosi zikaendelea, na mimi nikawa mtaalamu. Kila wiki natoa maoni redioni kama mhusika. "Hapana, Seba hakuwa na ndevu zile." "Hapana, yule mpiga kinanda alikuwa mwembamba zaidi." Niliyasema kwa uhakika mpaka mimi mwenyewe nikaanza kukumbuka ndevu ambazo sijawahi kuziona. Seba mwenyewe alikuwa Msowero huko shambani na mifugo yake, wala hakujitokeza kusema lolote, nikajiona salama.

Ndipo tamthilia ikanigeuka.

Wiki ile nakumbuka nilikuwa nimejaza saluni mpaka watu wamekalia ndoo. Yule dada wa gauni la kijani, kipenzi cha watazamaji, akaanza kumchekea mpiga kinanda. Wanawake wakatazamana. Wiki iliyofuata akaiba kanda ya albamu ya pili, akaificha chini ya godoro! Na ile iliyofuata hiyo, kundi zima liko stesheni na mabegi, linakwenda Dar kurekodi, treni inapiga honi, dada hapandi. Anageuza mgongo anaondoka. Seba anashuka kumfuata, wenzake wanaondoka bila yeye, kundi limekufa hapo hapo kwenye reli.

Nilikuwa na chanuo mkononi. Nikageuka taratibu. Saluni nzima inanitazama mimi!

"Dada," Mwajuma akasema, "lakini ile kanda uliificha ya nini?"

Mungu wangu. Ningesema nini? Nikasema, "Nilikuwa mtoto."

"Mtoto gani, na wewe ulikuwa unajua kuwachanganya wanaume wawili!"

Maoni ya watazamaji asubuhi yake yalikuwa moto. Mtu wa Kidodi akasema wanawake kama yule ndio wanaoturudisha nyuma. Mzee wa minazi akasahau minazi yake, akasema laiti angemjua yule binti siku zile angemchapa. Mwingine akataka niombe radhi hewani kwa niaba ya muziki wa mkoa mzima. Dereva wa lori akipita anapiga honi ndefu ya hasira. Mteja mmoja wa siku nyingi alikuja, akakaa, akainuka tena, akasema atasukwa kwingine, mkono uliovunja Behewa la Tatu hautagusa kichwa chake. Nilicheka nikidhani ni utani, akafunga kilemba akaondoka.

Sasa hivi naweza kucheka. Siku zile nilikuwa nalala nikiwaza namna ya kujitoa, nikiamka uongo umeongezeka. Nikisema si mimi, ni mwongo. Nikisema ni mimi, ni mwizi wa kanda. Nilichagua kuwa mwizi, jamani! Uone akili ya mtu.

Halafu redio ikatangaza kwamba sehemu ya mwisho itatazamwa na watu wote pamoja, ukumbini Kilosa, Jumamosi mchana kabla haijarushwa. Wageni rasmi wawili. Seba Honi atatoka Msowero kuja. Na dada wa gauni la kijani atatoka Mikumi.

Nilimwambia mume wangu awapigie simu aseme naumwa. Akajibu, "Hapana. Utakwenda."

Nikampigia wifi, nikitaraji atanikataza, maana wiki zote hizo hakuwa amenitajia jambo hili hata mara moja. Nilikuwa nimeliona hilo na nikaamua kutoliona. Simu ikaita sana. Akapokea.

"Shikamoo wifi."

"Marahaba. Nimesikia unakuja. Wahi asubuhi, nikushonee gauni."

Nilifika kwake na basi la kwanza. Alikuwa ameshakata kitambaa, kijani kibichi. Akanisimamisha katikati ya chumba, akazunguka na futi yake na pini mdomoni. Alinipima kiuno, mabega, mpaka magoti. Kiuno alikipima mara mbili, nikadhani ni uchovu wa sare za shule.

"Lile pazia halipatikani tena," akasema alipotoa pini. "Nimetafuta kinachokaribiana."

"Wifi, unisamehe ile habari ya pazia. Niliisema tu."

"Vaa tuone."

Likanikaa vizuri kuliko nguo yoyote niliyowahi kuvaa. Akanitazama muda mrefu, akasema, "Hivyo ndivyo lilivyokuwa." Kisha akachukua mkoba wangu akaubeba yeye, tukaondoka.

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Walikuja wa Ulaya kwa baiskeli, wa Kidodi wamepanda lori, wafugaji wa Msowero wamesimama nyuma na fimbo zao. Mwajuma alikuwa mbele kabisa na simu yake hewani. Mume wangu alisimama mlangoni, kakataa kukaa. Nilipopanda jukwaani wengine walipiga makofi, wengine walizomea, na mtoto mmoja aliuliza kwa sauti, "Mama, huyu ndiye mwizi?"

Wifi alisimama nyuma yangu, kashika mkoba wangu na chupa ya maji.

Mtangazaji akapaza sauti. "Ndugu watazamaji! Baada ya miaka yote hiyo, wapendanao wa stesheni wanakutana tena mbele yenu! Seba Honi, njoo!"

Akaja. Nilikuwa nimejiandaa kwa kijana wa kwenye tamthilia. Aliyekuja ni baba wa watu. Ana mvi, ana kitambi, kavaa koti lililofuliwa likapoteza rangi, kofia kaishika mkononi. Anatembea kwa staha. Kafika mbele yangu, mtangazaji kanisogezea kipaza sauti mdomoni, ukumbi mzima unangojea neno langu la kwanza kwa mpenzi wangu wa zamani.

Na mimi nilivyolelewa! Magoti yalikunjika yenyewe. Mikono ikakutana yenyewe.

"Shikamoo," nikasema.

Ikasikika mpaka nje barabarani.

"Marahaba, mwanangu," Seba akaitika. "Hujambo?"

"Sijambo."

Yesu wangu! Mama mmoja mbele akaangua kicheko, akajipiga paja. "Nani aliwahi kumpa mpenzi wake shikamoo?" akapiga kelele. "Nani?" Ukumbi ukalipuka. Watu walicheka wakaegemeana. Mzee wa minazi alicheka mpaka akavua miwani. Mwajuma alisahau kurekodi. Nilitamani jukwaa lipasuke nizame na gauni langu.

Seba hakucheka. Alikuwa ameshaniacha, anatazama nyuma yangu. Kicheko kikaanza kupungua chenyewe, kwa sababu watu waliona uso wake.

"Habari za siku nyingi?" akasema, sauti imeshuka. Hakuwa anasema na mimi.

"Nzuri," wifi yangu akajibu. "Umenenepa."

"Na wewe umenyamaza sana."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Wote tumekua kwenye salamu, tunajua nani anamwamkia nani na nani anamsalimia nani kama mwenzake. Nikageuka kumtazama wifi, na pazia, na kandambili, na kiuno kilichopimwa mara mbili, vyote vikanijia kwa mpigo. Nililia hapo hapo mbele ya watu. Nilikuwa nimemvua mtu siri yake ya maisha, nikaivaa mimi, nikazungukia nayo mji mzima.

Na mbaya zaidi, sasa walimjua. Mtu mmoja nyuma akapiga kelele, "Kumbe ndiye aliyevunja kundi!" Mwingine akaitika. Wiki nzima matusi yalikuwa yangu, na yalinistahili. Sasa nayaona yananipita begani kumwendea yeye.

Nikanyakua kipaza sauti niseme. Wifi akaninyang'anya kwa upole, akanipa chupa ya maji niishike.

"Na mimi ni mtazamaji," akasema. "Kila wiki nasikiliza maoni, sijawahi kuulizwa yangu. Tamthilia ni nzuri, nimeitazama yote. Wamekosea minazi, mzee yule kasema kweli."

Watu wakacheka kidogo.

"Kanda sikuificha. Ililowa mvua kwenye begi la mpiga kinanda, Seba anajua."

Seba akatikisa kichwa kukubali. "Waliokuja kutengeneza tamthilia niliwaambia," akasema. "Wakasema bila mtu mbaya haitatazamwa."

"Treni sikupanda," wifi akaendelea. "Hilo ni kweli, na siku hiyo sikugeuza mgongo, nilikaa pale mpaka treni ikawabeba wote wanne na reli ikanyamaza. Mama yetu tulikuwa tumemzika juzi yake. Nyumbani nilikuwa na mdogo wangu, yuko darasa la nne, ana surua. Ningemwachia nani? Yule pale, mlangoni. Hakufa na surua, mnamwona. Kaoa, na mke wake ndiye huyu."

Watu wote wakageuka. Mume wangu, mtu wa maneno machache, alikuwa amejifunika uso na mikono miwili.

Bibi mmoja wa milimani akapiga kigelegele, mwingine akadakia, na ukumbi ukafuata. Mwajuma akasimama juu ya kiti. "Mama, samahani kwa yale maoni niliyotuma wiki iliyopita! Yote mawili!" Sehemu ya mwisho ya tamthilia ikaonyeshwa baadaye, sijui hata iliishaje. Nani aliitazama?

Tuliporudi kwake nilipiga magoti kumwomba radhi. Alikuwa anachomoa pini zilizosalia kwenye gauni langu.

"Gauni ningekupa," akasema. "Na habari ningekuachia uisimulie, kama ungeniomba. Lakini yale nilikwambia wewe, wifi. Sikuiambia redio."

Nikasema, "Shikamoo wifi, nisamehe."

Akasema, "Salama tu, mwenzangu. Si tumecheza rede pamoja?"

Nilidhani ni utani wa mawifi, siku moja utaisha. Haukuisha! Nampigia simu, "Shikamoo wifi," ananijibu, "Poa, rafiki." Namfuata Kilosa na mchele na mafuta, nabisha hodi naamkia, yeye anajibu, "Karibu, mtu wa rika langu." Anasema akitabasamu, ananikaribisha chai, ananiuliza hali ya saluni, hakuna kinachopungua isipokuwa neno moja. Enyi mliozoea kuitikiwa, hamjui njaa yake. Nilikuwa natoka kwake naanza kulia kabla basi halijapita Ulaya. Mume wangu nilipomwomba aniombee alisema, "Ulitaka ukubwa, umepewa."

Maoni ya watazamaji wiki ile hayakuwa ya tamthilia tena, yalikuwa yangu mimi. Mpaka leo malori yanapita yakipiga honi, na vijana wa bodaboda wakiniona wanainama mpaka chini: "Shikamoo bibi!" Naitika marahaba, nitafanyaje? Nimeyataka.

Juzi Ijumaa nilikuwa peke yangu saluni nafagia. Mlango ukafunguka, akaingia wifi, kashuka na basi kutoka Kilosa bila kuniambia. Akakaa kwenye kiti, akafungua kilemba.

"Nisuke," akasema. "Na usinisuke twende kilioni, ile mistari ya haraka ya kuendea msibani. Jumapili nina mgeni."

"Mgeni gani, wifi?"

"Wa Msowero. Analeta maziwa ya mgando."

Nikauma midomo nisicheke. Nikachukua chanuo, nikasimama nyuma yake. Nilikuwa nimesahau kumwamkia kwa mshangao, nikakumbuka tayari nimeshagawa nywele. Nikasema kwa sauti ndogo, bila tumaini, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyofungwa.

"Shikamoo wifi."

Akanitazama kwenye kioo.

"Marahaba," akasema. "Na usinivute, mimi mtu mzima."

Nilisuka nimejaa machozi mpaka mistari ikapinda, ikabidi nifumue nianze upya. Hakunikaripia.

Basi ndugu zangu, watazamaji wenzangu, nawaonya. Toeni maoni. Semeni minazi si ya Kilosa, semeni ng'ombe ni wa kizungu, wapigieni redio mpaka salio liishe. Lakini siku ulimi utakapokuwasha kusema "huyo ni mimi", kaa chini kwanza, ufikirie huyo mwenzako wa kwenye wimbo ukikutana naye uso kwa uso, utamsalimiaje.